Firigisi ya Mjomba

Nyumbani kwetu Rudewa Mbuyuni, mshahara wa Mwalimu ulianza kutumika kabla haujatajwa. Simu ya mjomba iliingia Jumamosi jioni. Jumatatu asubuhi fundi alikuwa juu ya jiko la nje, anateremsha nyasi.

Mwalimu ni mume wangu. Alikuwa akifundisha hisabati katika sekondari moja ya binafsi kwa shilingi 450,000 kwa mwezi, nazo zilikuwa hazina haraka ya kufika. Mjomba wake, kaka wa mama yake, ni mkubwa wa ghala katika kampuni ya kununua mazao huko Morogoro mjini. Simu yenyewe ilikuwa fupi. Mtunza stoo ameacha kazi, nafasi iko wazi, kijana aje. Mwalimu akauliza kwa adabu kama kuna jambo la kujua kabla ya kuaga shuleni. Mjomba akacheka hadi mimi niliyekuwa nachambua mchele nikamsikia.

"Njoo kwanza, mambo ya hela tutaongea huku huku. Pale kwetu ni familia, hatupigiani bei."

Maneno hayo ndiyo yaliyovua paa. Angetaja laki tano, watu wangegombania laki tano na wakachoka. Hakutaja kitu, basi kila mtu akajitajia. Mama, yaani mama mkwe wangu tunayeishi naye, alisema ndugu yake hawezi kumpa mtoto wake chini ya milioni. Shemeji, mdogo wake Mwalimu, akaipokea ile milioni kama habari ya redioni, akaja na fomu za mkopo wa bodaboda akitafuta mdhamini. Wifi wa Dumila akatuma salamu ndefu zilizoishia kwenye ada ya mtoto. Dukani kwa Mangi, daftari la mkopo lililokuwa limefungwa kwa jina letu likafunguliwa bila sisi kuomba: mtoto alitumwa chumvi, akarudi na chumvi, mche wa sabuni, na ujumbe kwamba tutalipa baba akianza kazi kubwa.

Mama yeye alikuwa na ndoto moja tu, ya zamani, ya kuezeka jiko bati. Alishaongea na duka la vifaa vya ujenzi Kilosa kuhusu bati za geji 30. Alichosahau kuongea nao ni habari ya malipo ya awali. Kwa hiyo nyasi zikawa chini, bati zikabaki Kilosa, na masika yakaingia katikati.

Aliyekulia wilaya hii hafanyi mzaha na mvua. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya Kilosa yaliwaacha maelfu bila makazi na yakang'oa hata reli ya kati. Sisi tulipoteza jiko tu, lakini tulilipoteza kwa hiari, na hilo ndilo lililouma. Moto ukahamia sebuleni. Jiko la mkaa likakaa karibu na kochi, masufuria yakapangwa chini ya runinga, gunia la mkaa likasimama nyuma ya mlango na kumpaka masizi kila aliyeingia kwa kasi. Madirisha yalibaki wazi ili tusife kwa hewa ya mkaa, na mbu wakapata lao. Mwalimu alisahihisha madaftari kwenye kona iliyobaki, na wanafunzi wake wakarudishiwa kazi zao zikinuka dagaa.

Usiku, wengine wakilala, alikuwa akipiga hesabu nyuma ya kaunta buku. Hapo ndipo nilipojua kwamba mshahara una majina mawili, na kwamba nyumba yetu yote ilikuwa inatumia lile kubwa. Chukua laki nane, akasema. Asilimia 10, yaani 80,000, inakwenda NSSF. Zinabaki 720,000 za kukatwa kodi. Shilingi 270,000 za kwanza hazikatwi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8. Kutoka 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20. Kodi ikawa 60,000. Halafu Bodi ya Mikopo, ambayo haijamsahau tangu amalize chuo, inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 120,000. Laki nane imeingia mkononi ikiwa 540,000. Na hapo bado chumba cha kupanga Morogoro, bado chakula chake, bado nauli ya kurudi kwetu mwisho wa wiki.

"Basi mwambie mjomba unataka laki nane," nikasema.

Akafunga kaunta buku. Mtu aliyewahi kumsimamisha mkaguzi wa shule juu ya kosa la nukta alikuwa hawezi kutamka tarakimu moja mbele ya mjomba wake.

Asiyewajua Wakaguru atasema ni woga. Kwa Wakaguru, kama kwa jirani zao Waluguru na Wasagara, ukoo unafuata upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwanamume mwenye sauti katika ukoo huo ni mjomba. Ndiye aliyeuza ng'ombe Mwalimu akaenda kidato cha tano. Ndiye aliyekaa mbele siku ya posa yangu. Mwalimu akiugua, mjomba anapigiwa kabla ya daktari. Nilipoligusa jambo hilo mezani, Mama aliweka kijiko chini.

"Amuulize mjomba wake bei? Yeye ni mchuuzi wa nyanya?"

Nikanyamaza, maana ni mkwe na tunapikia chumba kimoja. Lakini moyoni nilikuwa na jibu. Mjomba huyu huyu asiyetaka kupigiana bei ndani ya familia alinipigia bei mimi alasiri nzima. Wazee wetu walipotaja mahari, alishika kiuno, akaomba maji, akauliza kama tumemjumlisha na bibi yangu humo. Kila kitu alikijadili: mbuzi, blanketi la mama, koti la baba, hadi mkaja. Yale yalikuwa mazungumzo ya ndugu watarajiwa, na hakuna aliyekasirika, kwa sababu mjomba na baba yangu hawakutazamana usoni hata mara moja. Aliyebeba maneno alikuwa mshenga. Baba akitaja, mshenga anatoka uani. Mjomba akipunguza, mshenga anarudi ndani. Aibu yote ilibaki miguuni mwa mshenga, na jioni wakwe wakala pamoja.

Kwa upande wangu mimi ni Mbena, mjukuu wa mkonge. Babu yangu aliletwa kutoka Njombe akiwa kijana, wakati mashamba ya Kilosa yalikuwa yakivuta watu kutoka kila upande wa Tanganyika. Mkonge wenyewe ni mgeni pia: Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche yake kutoka Florida mwaka 1893, ikafika Tanga mizima 62 tu, na kutokana na hiyo michache nchi ikajaa. Kufikia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa wameunda ofisi yao ya kusaka vibarua, SILABU, iliyokuwa ikiwasafirisha manamba kwa malori na treni. Yalikuwa maisha magumu, na babu hakuyapamba. Mwiba wa mkonge ulimtoboa jicho la kushoto.

Lakini kipande chake bado ninacho, ndani ya bati la biskuti pamoja na vyeti vya watoto. Ni kadi yenye vyumba 30. Kila siku ukimaliza kazi uliyopimiwa, nyapara anatia alama chumba kimoja. Usipomaliza, chumba kinabaki kitupu. Alama 30 zikitimia ndipo unakwenda mezani kwa karani unalipwa. Babu hakujua kusoma hata jina lake, lakini alijua kipande kina shilingi ngapi kabla hajashika kisu cha mkonge. Karani alimtajia bila aibu kwa sababu hakuwa mjomba wake.

Usiku ule nilikitoa kile kipande nikamwekea Mwalimu juu ya kaunta buku. Kibarua asiyesoma, aliyefanya kazi kwa watu wasiomjali, alijua ujira wake. Mwalimu wa hisabati, anayekwenda kwa mtu anayempenda, hajui. Hiyo ndiyo hila ya kazi ya kujuana. Mlango unafunguliwa mapema, na ukishapita unaona haya kuuliza ndani kuna nini, kwa kuwa kuuliza kunafanana na kutoshukuru. Shukrani ikishaingia kwenye mizani ya mshahara, upande wake ni mzito siku zote, na anayepungukiwa ni yule anayeshukuru.

Mwalimu alikishika kipande kwa muda mrefu, akasema, "Mimi siwezi kumtajia. Na wewe ni mkwe, huwezi. Na Mama hataki." 

"Basi tunahitaji mshenga."

"Mshenga wa mshahara? Watatucheka hadi Gongoni."

Hapo nikamkumbuka mtani.

Wakaguru wana utani wa ukoo kwa ukoo. Watani wa ukoo wako watakutukana kwenye msiba wa baba yako, watadai pesa juu ya jeneza, watakalia kiti chako, nawe ukikasirika umejiaibisha. T. O. Beidelman, Mmarekani aliyeanza kufanya utafiti Ukaguruni miaka ya 1950, aliuandikia utani huu kurasa nyingi, na hakuongeza chumvi. Mtani wa ukoo wa mjomba alikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu: mama mmoja mpika vitumbua, mfupi, mwenye sauti ya kuita basi lililokwisha kuondoka. Nilikwenda kununua vitumbua vya asubuhi. Sikumwambia kitu kibaya. Nilisema tu kwamba Jumapili mjomba anakuja kula, kwamba tumechinja jogoo, na kwamba Mwalimu anaacha ualimu kwenda kwenye kazi ambayo haina bei.

"Haina bei?" akauliza, mwiko ukiwa hewani.

"Mjomba amesema ni familia."

Akageuza vitumbua vyake akitabasamu.

Jumapili mvua ilinyesha kuanzia asubuhi. Kuku alichemkia sebuleni, hivyo mjomba alipoingia alipokewa na mvuke, masizi ya nyuma ya mlango, na wajukuu waliopiga magoti mahali palipobaki. Shikamoo, marahaba. Alitazama jiko karibu na kochi, akatazama uani kuta nne za jiko zisizo na kichwa, akauliza kama tumebomolewa na serikali. Mama akajibu kwa fahari kwamba tunaezeka bati. Mjomba akampongeza. Sikuona usoni pake dalili yoyote ya kujua kwamba bati hizo zinamsubiri yeye.

Tukala. Mwalimu akasafisha koo. "Mjomba, kuhusu lile jambo letu..." Mjomba akasema wali huu ni wa hapa hapa Rudewa, mchele wa Mbeya hauna harufu hii. Tukakubali. Mwalimu akasafisha koo tena. Umeme ukakatika. Tukatafuta tochi ya simu. Mwalimu akafungua mdomo, na Shemeji akamwahi kwa kuuliza kama kampuni inaweza kumdhamini ndugu wa mfanyakazi mkopo wa bodaboda. Mama akamkanyaga. Nikaanza kuamini kwamba tutakula hadi mifupa na kusindikizana bila tarakimu hata moja kuonekana.

Ndipo mtani alipoingia. Hakubisha hodi. Kanga ilikuwa imelowa begani, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye bakuli la mjomba, ambako Mama kwa heshima zote alikuwa ameweka firigisi. Kwetu firigisi haigawanywi, ni ya mkubwa. Mjomba alikuwa anaitunza ya mwisho. Mtani akanyoosha vidole viwili akaichukua.

"Mtani, rudisha," mjomba akasema akicheka, maana lazima acheke.

"Nitairudisha. Bei yake?"

"Bei ya nini tena?"

"Wewe ni bingwa wa bei. Huyu binti wa Kibena ulimpunguza hadi blanketi la mama yake likabaki nusu. Sasa huyu kijana unamchukua. Ana bei gani kwa mwezi?"

Sebule ikanyamaza. Mjomba akatafuta uso wa kumsaidia, na kila uso ulikuwa ndani ya sahani.

"Mtani, haya ni mambo ya familia."

"Familia hainunui unga? Taja, au nameza."

Akaileta firigisi karibu na mdomo. Najua ni kipande cha nyama ukubwa wa kidole gumba, lakini mbele ya wakwe, wapwa na wajukuu kilikuwa na uzito wake. Mjomba akajaribu njia nyingine. Akasema kijana ni mwalimu mzuri, ila stoo ni kazi nyingine, hana uzoefu, lazima aanzie chini.

Hapo mimi nikaona mlango umefunguka, na la uzoefu si la kutaja bei, hata mkwe anaruhusiwa. Nikasema kwa sauti ya kumpa mtu chumvi: miaka yote shuleni Mwalimu ndiye aliyeshika stoo ya chakula cha wanafunzi wa bweni. Anapokea mahindi na maharage, anapima, anaandika, anatoa kwa zamu. Ndiye aliyegundua magunia yanayosomeka kilo 100 yanapungua kabla hayajafika mezani kwa mpishi. Na ndiye aliyekataa mzigo mzima wa mahindi mabichi, kwa sababu alijifunza kwa wataalamu wa kituo cha utafiti cha Ilonga kwamba hindi la kuhifadhi unyevu wake usizidi asilimia 13.5, la sivyo ukungu unaingia na sumukuvu nyuma yake. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Mwaka huo huo yeye alilaumiwa kwa kukataa mzigo, halafu akashukuriwa.

Mjomba akanigeukia. Nadhani kwa mara ya kwanza jioni ile alikuwa anasikiliza kama mkubwa wa ghala.

"Hayo hukuniambia," akamwambia Mwalimu.

"Hukuniuliza, mjomba."

"Bei!" akapaza mtani.

Mjomba akanawa mkono ambao haukuwa mchafu. "Laki tatu," akasema. "Na chakula cha mchana."

Nilisikia mvua ikinyesha ndani ya jiko letu. Shemeji alizikunja fomu za bodaboda akazirudisha mfukoni. Mwalimu, ambaye shuleni alikuwa na 450,000, alikuwa tayari anatoa na kujumlisha kichwani. Namjua anavyosogeza midomo. Lakini aliyesema hakuwa yeye wala mtani. Alikuwa Mama.

"Laki tatu na nini?"

"Chakula cha mchana, dada."

"Mtoto wa tumbo langu, wa ukoo wako mwenyewe, umempima kwa wali wa mchana? Na mimi nimevua paa?"

Mjomba akatoa ukweli wote, kwa sababu dada yake akisimama upande mmoja na mtani hana pa kukimbilia. Bosi hakumpa yeye mamlaka ya kupanga mishahara. Alimwomba bosi nafasi, na ili asikataliwe alimwahi: mwanangu hana makuu, laki tatu zitamtosha. Bosi akafurahi. Mjomba naye akaonekana mtu mwema, asiye na tamaa kwa ndugu zake. Kwa lugha nyingine, heshima ya mjomba mbele ya bosi ilikuwa imeshanunuliwa, na walionunua ni sisi, kwa mshahara ambao hatujauona.

Sikumchukia. Alikuwa amefanya kile wanachofanya wengi wanaoombea watu kazi: wanapunguza bei ya mwingine ili ombi lao liwe jepesi. Mtani hakuwa na falsafa hiyo.

"Umeuza kitu kisicho chako," akasema. "Rudi ukamwambie bosi wako: mimi nimeleta mtu, bei ataongea mwenyewe. Neno hilo tu. Ukikubali, chukua firigisi yako."

Mjomba akakubali. Akapewa firigisi yake, baridi, imeshikwashikwa. Akaila.

Kabla ya safari ya Mwalimu kwenda Morogoro, mwalimu mwenzake anayefundisha uraia alikuja na nakala ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, wakaisoma wote wawili kando ya sufuria la maharage. Msimu wa mavuno malori hushusha ghalani hadi usiku, na hapo ndipo mtu wa "ni familia" anapochoka bila kulipwa. Sheria inasema wiki ya kazi ya kawaida haizidi saa 45. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Likizo ya mwaka ni siku 28, na maelezo ya ajira, mshahara ukiwamo, mwajiri huyatoa kwa maandishi. Mwalimu alinakili mambo hayo kwenye karatasi moja, pamoja na habari za stoo ya shule, akaikunja.

Mama alitaka apande treni ya umeme kutoka Kilosa, kwa sababu mtu anayekwenda kutaja bei asifike na vumbi. Alipanda basi. Kuna lami ya kilomita 45 kutoka hapa hadi Dumila, na nauli yake tulikuwa nayo.

Ofisini alipokewa na dada wa utumishi, ambaye hakuwa ndugu wa mtu yeyote anayemjua. Akamwuliza, bila kuzungusha, anatarajia mshahara gani. Mwalimu ananiambia lilikuwa swali jepesi kuliko yote aliyoulizwa mwaka ule. Akasema laki nane, akaeleza kwa nini. Dada akasema kwa mtu mpya ghalani hawafiki hapo. Wakaenda, wakarudi. Wakaishia 650,000, saa za ziada kwa mujibu wa sheria, na kipengele kwamba baada ya miezi sita mshahara utazungumzwa upya. Vyote kwenye karatasi, na sahihi mbili.

Tukafanya hesabu ya mkononi. NSSF 65,000, kodi 33,000, mkopo wa chuo 97,500. Zinabaki 454,500. Shuleni, kwa makato yale yale, zilikuwa zinabaki 326,700. Tofauti ni 127,800, na chumba cha Morogoro kinakula sehemu yake. Haikuwa milioni. Shemeji alikwenda kutafuta mdhamini mwingine, wifi wa Dumila akapewa maneno mazuri, na Mangi akafunga daftari. Lakini kwa mara ya kwanza nyumba nzima ilijua kiasi, na tarakimu iliyotajwa ina faida moja: unaweza kuikatalia watu bila kugombana nao. Jiko tuliliezeka bati kidogo kidogo, nusu kwanza, upande wa mafiga.

Mtani alidai malipo yake siku ile ile, na bei alikuwa amejipangia kabla hajatoka kwake: kuku mmoja kila mwisho wa mwezi hadi ile miezi sita iishe. Mwalimu alijaribu kumpunguza. Hakufanikiwa.

Mjomba hakuonekana Rudewa kwa muda. Tulidhani amekasirika. Halafu akaja siku ya katikati ya wiki, bila taarifa, akakaa uani akalitazama paa letu la nusu nusu, akamwomba Mwalimu amwonyeshe ule mkataba. Akausoma kwa miwani, akarudi mwanzo, akausoma tena. Akauliza hiki kipengele cha saa za ziada kiliombwaje. Akauliza kama kila mfanyakazi anapewa karatasi kama hii.

"Wewe huna, mjomba?"

Hana. Aliingia pale kampuni ikiwa kibanda kimoja na mizani moja, akiitwa na mwenye nacho, ambaye ni kaka wa mke wake. Siku ya kwanza aliambiwa aje kwanza, mambo ya hela wataongea huko huko. Tangu hapo anapokea bahasha, na bahasha inategemea mwaka umekwendaje na shemeji ameamkaje. Kuuliza hawezi. Ni shemeji yake, alimpa mke na kazi.

Mama, aliyekuwa anachambua mboga huku akisikiliza, alitikisa kichwa, akamtuma mtoto kumwita mtani. Mtani akaja na unga mikononi. Mjomba akamweleza kwa heshima, bila utani wowote, kwamba mwisho wa mwezi shemeji yake anawaalika chakula nyumbani kwake Morogoro, na angependa awe na mgeni.

"Ukoo wake mimi sina utani nao," mtani akasema.

"Atakuwa hajui."

Mtani akafikiri, akafuta unga kwenye kanga. "Nauli yako, kwenda na kurudi. Na huyo shemeji yako, kuku wanapika au wanakula samaki? Nijue nashika nini."